Mstari wa Kileo

Ninyi mliobaki hospitalini mmeniandikia mkitaka niweke kwenye karatasi kumbukumbu za kazi yangu, "mambo ya kuwatia moyo dresa wapya." Moyo mtautafuta wenyewe. Nilipokuwa nimevaa sare ya serikali nilifunga mdomo kwa adabu. Sasa sare nimeirudisha, vifungo vyote vimetimia, na mdomo ni wangu. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nani alinipa mkono siku ya kuagwa. Nitawaeleza habari ya mstari mmoja kwenye kadi ya mgonjwa, ule unaouliza habari ya kileo, na wazee waliokufa kwa sababu sisi dresa, wafunga vidonda wa hospitali, tulikuwa na heshima kupita kiasi.

Nilizaliwa Mtendeni, hapa hapa Tabora. Baba yangu alikuwa mshona kofia. Nilisoma chuoni, chuo cha Kurani, mpaka nikahitimu, kisha nikapelekwa shule ya serikali, nikajua Kiingereza cha kutosha kusoma maandishi ya kwenye chupa za dawa. Siku yangu ya kwanza hospitalini nilifika na kanzu iliyopigwa pasi, nikidhani nitapewa kisu nipasue mtu. Dispensa Yohana, mgawa dawa, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sisi Waafrika pale, alinitazama vidole kabla hajanitazama uso. "Kucha," akasema. Nikarudi nyumbani. Hivyo nusu ya siku yangu ya kwanza ya kazi niliimaliza barazani kwetu nakata kucha, na baba yangu ananiuliza nimefukuzwa kwa kosa gani mapema hivyo.

Yohana alikuwa mtu wa misheni, mrefu, mkavu, na kila alichonifundisha alinifundisha mara mbili: mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili kwa kunifanya nirudie niliyokosea. Kuchemsha sindano mpaka maji yabubujike na kuyaacha yaendelee. Kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa yake ya mfukoni iliyopasuka kioo. Kumgeuza mgonjwa mzito bila kumvuta mkono. Kunusa. "Pua yako ni chombo cha kazi, Saidi," alikuwa akiniambia. "Kidonda huongea kwa harufu kabla hakijaongea kwa usaha." Nilimpenda kama baba wa pili, na nasema hivi mapema ili msije mkadhani ninayoyaandika baadaye nayaandika kwa chuki.

Alinifundisha pia kujaza kadi. Kadi ilikuwa ya Kiingereza, sisi tuliuliza kwa Kiswahili tukaandika. Jina. Umri, ambao kwa wazee ulikuwa wa kukisia: "Mjerumani alipojenga boma ulikuwa mkubwa kiasi gani?" Kabila. Dini. Kisha kileo: anakunywa au hanywi, na kiasi gani. Siku ya kwanza nilipofika kwenye mstari huo nilimwuliza mzee mmoja mwenye kilemba, mbele ya wanawe, kama anatumia pombe. Wanawe wakanyanyuka. Yohana akaja mbio, akaomba radhi, akanipeleka nyuma ya kabati la bendeji.

"Umemtukana mzee wa watu."

"Kadi inauliza."

"Kadi haina baba wala mama. Wewe unao. Sikiliza. Ukishaandika dini, kileo hujijaza chenyewe. Mwislamu, andika hapana. Mkristo wa kanisa linalokataza, andika hapana. Mkristo wa kanisa linaloruhusu, andika kidogo. Asiye na dini, huyo andika ndiyo, na yeye hatakasirika."

Ikawa hivyo. Nilijaza kadi kwa miaka kwa kanuni hiyo, na mwandiko wangu ulisifiwa. Kwa mujibu wa kadi zangu, pombe yote iliyopikwa kuanzia Tabora mpaka Igunga ilinywewa na wapagani, na ni ajabu kwamba walipata muda wa kulima. Lakini sote tulijua. Tulijua nani hupita kwa nyuma ya uzio wa mpika wanzuki, ile pombe yetu ya asali, baada ya kusali alasiri. Tulijua mzee gani wa kanisa huenda kukagua mizinga yake porini na kurudi anaimba. "Kidogo" ya wale walioruhusiwa nayo ilikuwa kichekesho. Nilimwona mzee mmoja ambaye kidogo yake ilibebwa na wajukuu wawili kwa mti begani. Tulijua yote, tukaandika yale ya kadi, tukaona tuna adabu.

Sasa niwaeleze habari za Mzee Farahani.

Mzee Farahani alikuwa seremala na mwadhini wa msikiti wa mtaa wetu. Milango mingi ya Mtendeni aliichonga yeye. Ujanani alikuwa pagazi. Alibeba pembe na mizigo ya watu kwa miguu mpaka pwani na kurudi, zamani kabla ya reli, na mgongo wake ulikuwa umelipia safari hizo. Akiinama kupiga randa ulimsikia akiguna kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini asubuhi alipanda juu, akaadhini, na sauti yake ilitoka safi, haina mguno hata mmoja. Mimi nilikua nikiamshwa na sauti hiyo.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita ya Hitla. Alikuwa juu ya ngazi anatengeneza paa la msikiti, ngazi ikateleza, akavunjika paja. Waliomleta walikuwa Maalim Shabani, mkubwa wa msikiti, na wazee wengine watatu, na mke wa mgonjwa, Bi Tatu, nyuma yao. Walimlaza juu ya meza ya kupokelea, wakasimama wote kuizunguka, kanzu nyeupe pande zote. Mzee alikuwa na maumivu makali lakini alinisalimu kwa jina na kuniuliza hali ya baba yangu. Kinywani alikuwa na karafuu. Nawaambia hilo kwa sababu niliambiwa pua ni chombo cha kazi, na mimi nilijua nani hutafuna karafuu kutwa nzima na kwa nini.

Nikachukua kadi. Jina, umri, kabila Mnyamwezi, dini Mwislamu. Mkono wangu haukusimama. Nikaandika hapana.

Nilipoinua macho nilimwona Bi Tatu. Alikuwa anatazama kalamu yangu. Hakujua kusoma, lakini alijua baada ya dini huandikwa nini, kwa sababu mwaka uliotangulia alilazwa yeye mwenyewe na kadi yake ilisomwa kwa sauti mbele yake. Alifungua mdomo. Maalim Shabani alikuwa bega kwa bega naye. Bi Tatu akafunga mdomo, akavuta kanga yake mbele ya uso. Niliona yote. Sikuwa mgeni wa mambo, sikuwa kipofu, na wino wa mstari wenyewe ulikuwa bado mbichi. Ningeweza kusema, "Wazee wangu, tokeni kidogo nimfunge mguu." Wangetoka. Sikusema, kwa sababu yeye alikuwa mwadhini, na mimi ni mtoto wa mtaa wake.

Mguu tulimfunga vizuri. Tuliuvuta kwa kamba na mfuko wa mchanga, kazi ambayo Yohana alijivunia. Siku ya kwanza mzee alitulia. Siku ya pili alianza kutokwa jasho na kukataa chakula. Siku ya tatu, mchana, baada ya adhuhuri, nilimkuta anachuna shuka kwa vidole vinavyotetemeka.

"Saidi," akaniambia, "siafu hawa mnawaachaje?"

"Siafu wapi, mzee wangu?"

"Wamejaa! Wamepanda mguu!" Akaanza kujipiga paja lile lile lililovunjika. Kisha akapaza sauti, ile sauti yake: "Mizigo juu! Amkeni, jamani, mizigo juu, maji yako mbali!" Wagonjwa wengine wakacheka, halafu wakaacha kucheka.

Joto lilikuwa limepanda. Mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia kiasi kwamba nilihesabu mara mbili. Daktari wetu, Mzungu aliyekuwa peke yake kwa hospitali nzima na wilaya nzima, alikuja, akamfunua macho, akamshika mikono iliyokuwa inatetemeka, akaichukua kadi. Sitamlaumu daktari huyo kwa lolote. Aliuliza swali lililotakiwa.

"Hapa mmeandika hanywi. Mlimwuliza mwenyewe?"

Wote walikuwa pale. Yohana alikuwa pale, Maalim Shabani alikuwa amekuja kumtazama mgonjwa na tasbihi yake mkononi, Bi Tatu alikuwa chini sakafuni karibu na kitanda. Nikamjibu daktari, "Ndiyo, Bwana Daktari. Nilimwuliza."

Basi akasema ni malaria iliyopanda kichwani, na kwa kadi ile angesema nini kingine? Tukampiga sindano za kwinini. Mnaofanya kazi hii leo mnajua mwili wa mtu aliyezoea kileo kila siku kwa miaka mingi ukikatiwa ghafla hufanya nini, na mnajua siku ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Daktari naye alijua. Dawa ya kumtuliza mtu wa namna hiyo, ile yenye harufu inayobaki wodini mpaka kesho yake, ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa kiunoni kwangu. Hata kikombe cha pombe yenyewe, kilichotolewa kwa kipimo, kingemsaidia. Alipatwa na degedege mara tatu. Mguu tulioufunga kwa ustadi ule ulifunguka, mfupa ukatoka nje ya ngozi. Siku ya tano, kabla ya adhuhuri, alifariki, na mtu mwenye sauti mbaya aliyekuwa akimshikia uadhini akabaki nao.

Nimekasirika tangu siku ile. Watu huniambia hasira hupoa. Yangu haikupoa, niliitunza.

Baada ya arobaini Bi Tatu alikuja hospitalini. Alinikuta nakunja bendeji zilizofuliwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Mwanangu, nataka unieleze kitu. Lile neno lingemsaidia?"

"Neno gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Mume wangu alikuwa anakunywa. Moshi, gongo lenyewe, siyo wanzuki tu. Mgongo ulikuwa haumwachi alale, akaanza na kikombe, kikombe kikawa chupa. Kila siku ya Mungu. Akimaliza anasukutua, anatafuna karafuu, anakwenda kuadhini huku analia. Nakuuliza, ningesema angepona?"

Ningeweza kumdanganya, nilikuwa na ujuzi. Nikamwambia, "Pengine angepona, mama."

Alichukua bendeji moja, akaikunja mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilitaka kusema. Lakini ulikuwa umekwisha andika."

Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Aliondoka akipitia mlango wa nyuma ili asikutane na watu wa mtaani, na mimi nikaenda moja kwa moja kwa Maalim Shabani nikiwa bado na aproni ya kazi. Nilimkuta barazani kwake na kitabu mapajani. Nikamwambia aliyemuua mwadhini wake si malaria. Nikamwambia yote. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na ndipo nilipojua kwamba naye alijua.

"Ulitaka nifanye nini?" akaniuliza. "Ningemtoa kwenye uadhini? Nilimsitiri. Kumsitiri mwenzio ni ibada."

"Ulimsitiri mbele ya nani, Maalim? Mbele ya daktari?"

"Haramu ni haramu, Saidi. Sikuiandika mimi."

"Sikuja kukuomba uihalalishe. Nimekuja kukuambia kwamba ulisimama pale na tasbihi ukisikia daktari anauliza, ukanyamaza."

"Na wewe uliyemjibu?" akasema. Nilimwacha na kitabu chake. Msinielewe vibaya. Sisemi pombe ni kitu chema. Nimeshika ini la mlevi mezani, nimeona lilivyo gumu, na dini inayomkataza mtu kufika huko haijamkosea. Waumini wengi waliokatazwa hawakuigusa kabisa, wakazeeka na mikono imetulia. Ninachokasirikia ni yule aliyeigusa. Katazo lilimfundisha kuficha, na sisi tulioapa kumtibu tukamsaidia kuficha.

Yohana nilimweleza mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Tumemuua kwa adabu," akasema. Tangu hapo hakunifundisha tena habari ya mstari ule, lakini hakuweza kuuliza mwenyewe. Mpaka anastaafu, ikifika pale alinipa mimi kadi, anatoka nje kutazama mvua hata kama ni kiangazi.

Basi nikaanza kuuliza, na niliuliza vibaya. Hasira si njia ya kuulizia. Nilikuwa nawakazia macho wazee kama karani wa korti. Mmoja alishuka kitandani akaondoka na mguu wenye kidonda. Mwingine alinishtaki kwa liwali kwamba namwita mlevi. Ningekata tamaa kama si Bi Mwamvita.

Bi Mwamvita alikuwa mfagiaji wa wodi, Mzaramo, mke wa mtu wa reli aliyehamishiwa Tabora. Mnajua Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanafika kwao pwani na mizigo. Mtani anaweza kukuambia lolote, hata msibani, hata akikunyang'anya jeneza, na ukikasirika aibu ni yako. Siku moja nilikuwa nabishana na mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, kifua kimembana, ananiapia hajui hata rangi ya pombe. Bi Mwamvita akaegemea ufagio wake.

"Mtazame huyu mbeba mizigo! Hujui rangi? Basi hiyo harufu mdomoni ni ya maziwa? Jana umekunywa kibuyu kizima, leo unakuja kutujazia kitanda!"

Nilidhani mzee atampiga. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kibuyu kizima? Mzaramo unanidharau wewe. Vibuyu vitatu!"

"Kila siku?"

"Isipokuwa Ijumaa. Ijumaa ni viwili."

Akageuka kuniona nikiandika, uso ukambadilika. Bi Mwamvita akamwambia, "Mwache aandike, babu. Huyo hana akili ya kusengenya, kazi yake kuchemsha sindano." Mzee alitibiwa kwa kadi ya kweli, akatoka kwa miguu yake. Nililala kitandani mchana ule nyumbani kwangu nikatazama paa tu. Miaka yote ile mfagiaji alikuwa na ufunguo mkubwa kuliko wangu, na hakuna daktari wala dispensa aliyemwuliza.

Tukafanya kazi hivyo sisi wawili. Kwanza ndugu wote nje, hata mke, hata shehe, hata padri. Kisingizio ni kumwosha mgonjwa. Mlango ufungwe. Kwa Mnyamwezi, Bi Mwamvita aingie na ufagio aanze matusi yake. Kwa asiye mtani nilikaa kitako kwenye kigoda, chini ya macho ya mgonjwa, nikauliza bila kushika kalamu: "Mzee wangu, ukikosa kinywaji chako siku mbili, mikono hukufanyaje?" Sikuuliza kama anakunywa. Niliuliza mikono. Kalamu niliishika baadaye, nje.

Nanyi msidhani kanisani palikuwa na nafuu. Aliletwa mama mmoja mzee, Mama Anastazia, mjane, juu ya lori la pamba kutoka njia ya Igunga, tumbo limejaa maji. Kanisa la kwao lilikuwa likimtenga anayekunywa. Hapewi meza ya Bwana, na akifa habari zake hutangazwa na hazikwi na kanisa. Chumbani, mlango umefungwa, alinieleza kwamba tangu afiwe anapika pombe ya mtama na kila chungu lazima akionje, na kuonja kukawa ndicho chakula chake.

"Usipoandika nitakufa," akaniambia. "Ukiandika nitazikwa kama mbwa. Sasa chagua wewe, mwanangu, mimi nimechoka."

Kadi yake niliiacha tupu pale kwenye mstari, nikatia nukta moja ya wino kwenye kona, na daktari nikamweleza kwa mdomo maana ya nukta. Wiki ile ile akaja mzee wa kanisa lao, amevaa koti zito kwenye jua, ananiambia kwa upole kwamba wamesikia dresa anawauliza waumini wao habari za vinywaji, na kwa faida ya kundi angependa kuziona hizo kadi.

"Unataka kuwatibu?" nikamwuliza.

"Nataka kuwarudi."

"Basi rudi wewe kwenu." Akanishtaki. Nikaitwa, nikasimama, nikakaripiwa kwa kukosa heshima kwa mtu wa Mungu. Mama Anastazia tulimtoa maji, akapunguza chungu, akaishi misimu mingine miwili ya mpunga, na alizikwa kwa kengele. Mimi nikaona karipio lile ndicho cheti changu kizuri kuliko vyote.

Nukta ile ikawa desturi yetu. Daktari aliyefuata aliikubali, na wa tatu pia. Nikawafundisha dresa wengi, na baadhi yenu ni hao. Nilipostaafu niliamini kwamba jambo lile nimelimaliza.

Mwezi uliopita nililazwa mimi. Ngiri niliyokuwa nayo siku nyingi ilikaza, ikabidi nipasuliwe. Aliyenipokea ni mmoja wenu. Jina silitaji, mwenyewe anajijua. Aliniamkia vizuri sana. Kando yangu alikaa mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, naye ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Kijana akaandika jina, umri, kabila, dini. Halafu, bila kuinua kichwa, akaandika kwenye mstari wa kileo. Niliufuata mkono wake. Neno lilikuwa hapana.

Nami nikanyamaza.

Mimi nakunywa. Nimeandika kurasa zote hizi bila kuwaambia, na hamkuwa na mashaka. Mlisoma kwamba ni mtoto wa Mtendeni, baba mshona kofia, nimehitimu chuoni, na ninyi nanyi mkanijazia kadi. Nilianza lini na kwa sababu gani si kazi yenu. Kazi yenu ni kuuliza kiasi gani, na mara ya mwisho lini. Ni wanzuki kila siku, na moshi nikiipata, na mke wangu, Mungu amrehemu, alikwenda kaburini akinisitiri.

Kutwa nzima nililala pale nikitazama mikono yangu. Miaka yote ile nilimlaumu Bi Tatu kimoyomoyo kwa kufunga mdomo, sasa nilijua mdomo ule una uzito gani. Asubuhi walipokuja kunichukua, mkwe wangu alikuwa amefika na chai. Nikamwita dresa.

"Lete kadi. Mstari wa kileo."

"Umekwisha jazwa, mzee."

"Umeujaza wewe. Hukuniuliza."

Akamtazama mkwe wangu, akanitazama mimi. "Mzee wangu, basi tutazungumza baadaye."

"Baadaye nitakuwa nimelala kwa dawa, na kesho nitakuwa naona siafu. Futa. Andika ndiyo. Andika kila siku. Mara ya mwisho juzi."

Mkwe wangu aliweka kikombe sakafuni taratibu, akasimama, akatoka bila kuaga. "Na huyo," nikamwambia kijana, nikitetemeka kwa hasira na kwa jingine, "ulipaswa kumtoa wewe, kabla hujafungua kinywa." Kijana alikuwa analia. Aliandika huku analia, na mwandiko ulisomeka.

Mitetemo ilikuja siku ya tatu kama ilivyotakiwa. Walikuwa tayari na dawa, ndiyo maana nipo hai ninawaandikia. Mkwe wangu hajaja tena. Binti yangu huja peke yake, huniletea uji, hukaa upande wa miguuni. Juzi aliniangalia nikinywa mpaka bakuli likaisha, kisha akaniuliza, "Baba, ni kweli unakunywa?" Nikamjibu ndiyo. Nina mvi kichwa kizima, na kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.